Vitanda vya Kuazima

Sikilizeni wanangu. Binti yangu, sogeza kiti hicho karibu na kichwa changu, maana sauti niliyobaki nayo inamtosha mtu wa karibu tu, na wewe mdogo wake kaa pale miguuni nikuone uso. Hii ni mara ya kwanza kuwaona nyote wawili ndani ya chumba kimoja tangu tulipomzika mama yenu, na najua kila mmoja ameomba ruhusa kazini na ana tiketi ya kurudi mfukoni. Siwalaumu. Sikuwazaa ili muwe walinzi wa kitanda changu. Ila daktari alipowaambia yale aliyowaambia kule sebuleni alidhani kuta za nyumba hii ni nene, na mimi masikio ndiyo kiungo pekee ambacho hakijaugua. Kwa hiyo tusidanganyane. Uongo nimepigana nao miaka thelathini na minne, sitaki uje ukae nami wiki ya mwisho ukijifanya mgeni wa heshima.

Nianze na mali, kwa kuwa ni kidogo na haitatuchelewesha. Nyumba ni yenu wote wawili, nusu kwa nusu, hati yake iko ndani ya bahasha ya kaki kwenye droo ya juu. Mkitaka kuiuza uzeni, lakini msiuze kwa hasira, na huyo fundi saa aliyepanga chumba cha uani mpeni miezi sita ya kujipanga. Ndiye aliyekuwa akigonga ukuta mara mbili kila asubuhi kujua kama nimeamka, nami namjibu mara mbili, na zimepita wiki ambazo hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu yote. Makasha manne ya michoro ni yako binti yangu. Yalinde na mchwa, na mtu akitaka kuitazama mwache aitazame, hata kama mikono yake michafu, kwa sababu haikuchorwa kwa ajili ya watu wenye mikono safi. Meza ya kuchorea ni yako, mwanangu wa kiume. Usinitazame hivyo. Mguu wake mmoja ni mfupi, ukiegemea inatikisika. Nataka uandikie juu yake hizo hotuba unazomwandikia mkubwa wako, na kila ukifika pale penye "serikali imedhamiria" ikutikise mkono kidogo.

Cheka tu. Umecheka kama mama yako.

Sasa lililonifanya niwaite si nyumba wala meza. Ni baba yenu mdogo. Mnajua kwamba mimi na yeye hatujasemezana miaka kumi na tisa. Mkiwa wadogo mlikuwa mkiniuliza, nami nikiwaambia ni mambo ya watu wazima. Leo nyinyi ni watu wazima, na mimi ninaondoka, na siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata ikivunjika mtabaki mnauliza ukuta.

Kazi yangu mnaijua kwa jina, ila hamkuijua kwa undani. Kila asubuhi niliingia katika kile chumba cha ghorofa ya tatu, chenye dirisha moja lisilofunguka, nikasoma habari za jana, nikamtafuta mtu mmoja aliyetuambia uongo wa kutosha kuchorwa, na ilipofika saa nane mchana katuni ilikuwa mezani kwa mhariri. Pembeni sikuandika jina, nilichora sisimizi, na ndivyo watu walivyoniita, Sisimizi. Waandishi wenzangu walikuwa wakipenda sana michoro yangu na kuogopa sana kuonekana wakinywa chai nami. Mkubwa fulani akichorwa wiki hii, wiki ijayo meza yangu ya kantini inabaki na kiti kitupu upande wa pili. Nilizoea. Au nilidhani nimezoea.

Katika wote niliowachora, mmoja alinilisha kuliko wengine. Mlikua mkimsikia kwa jina nililompa mimi, Mkasi. Alikuwa mbunge, halafu waziri, na ugonjwa wake ulikuwa kukata utepe. Alikata utepe wa kisima kisichotoa maji. Alikata utepe wa daraja moja mara mbili, mara ya kwanza upande huu wa mto, na mara ya pili, uchaguzi ulipokaribia, upande wa ng'ambo. Na dereva wake, mtu aliyekaa naye gari moja kutwa nzima, akimfungulia mlango na kumshikia koti, alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Tulikubaliana tangu mwanzo: yeye haniambii yasemwayo ndani ya gari, na mimi simwulizi. Jumapili alikuja hapa, akaniletea mkate, akachungulia katuni ya wiki akasema, "Kaka, pua umemzidishia." Hayo tu. Hajawahi kunipa hata punje moja ya siri. Hilo lishikeni.

Mwaka ule Mkasi alifungua wodi ya wazazi. Mlikuwepo kwenye sherehe, niliwapeleka, mkapewa bendera ndogo za karatasi. Vitanda kumi na viwili vyeupe, shuka zimenyooshwa, kamera, makofi, utepe. Siku ya tatu akanijia ofisini mwanamke mmoja mnene, mikono imechubuka kwa sabuni, ameshika mfuko wa plastiki kama mtu aliyeleta nguo kwa fundi. Alikuwa dobi wa hospitali kongwe, ile ya upande wa pili wa mji. Hakukubali kukaa. Akatoa shuka moja akaikunjua mezani kwangu, juu ya wino mbichi.

"Tazama," akasema. "Kumi na mbili kama hii zilitoka kwangu safi, zimerudi zina vumbi la saruji. Hazina jasho, hazina damu, hazina hata unywele. Mimi nimefua shuka miaka ishirini, najua shuka iliyolaliwa na mtu."

"Na vitanda?"

"Vimerudi nazo. Sherehe iliisha saa saba, saa tisa lori lilikuwa getini kwetu."

Nikamwuliza anataka nini. Akasema hataki kitu, ila binti yake ana mimba ya miezi minane na wodi ile ndiyo iliyo karibu na kwao. Kisha akaniambia ana watoto watatu na kazi moja, na jina lake likitoka amekwisha. Nikamwahidi kwamba maadamu yu hai, jina lake halitatoka mdomoni mwangu. "Hata Mheshimiwa huahidi," akasema. "Mimi sikati utepe," nikamjibu, na hapo ndipo alipocheka, akakunja shuka yake akaenda zake.

Sikuchora siku ile. Kwanza nilikwenda mwenyewe, nikazunguka nyuma ya lile jengo nikachungulia dirishani. Chumba kitupu kinanuka rangi, na sakafuni kipande cha utepe mwekundu, hakuna hata aliyejisumbua kukiokota. Mwanangu, hilo ni kwako: mwenye kejeli asiyekwenda kuona kwa macho yake ni mwongo kama wale anaowacheka, tena mbaya zaidi, kwa kuwa yeye ana kipaji. Mzaha ni kisu. Ukikata penye ukweli unatoa usaha, ukikata pasipo na ukweli umejeruhi mtu.

Kesho yake nikachora. Vitanda kumi na viwili vimejipanga mstari vinapanda lori, kila kimoja na mkoba wake kama wasafiri, mama mwenye mimba anakimbia nyuma ameshika kiuno, na kitanda cha mwisho kinageuka kumwambia, "Samahani mama, sisi tulikuja harusini tu." Mbele kabisa Mkasi anakata utepe, macho kwenye kamera.

Wanangu, nilishuka ngazi asubuhi ile nikasikia kicheko kabla sijaona watu. Muuza magazeti amezungukwa. Kinyozi ameibandika kwenye kioo. Bungeni, mzee mmoja wa upinzani asiyesikika mwaka mzima akasimama akauliza swali moja tu: "Mheshimiwa Spika, naomba kujua kama wale wageni walifika kwao salama." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata waliokaa nyuma ya Mkasi, na yeye aliyekuwa na jibu la kila hoja akakosa jibu la kicheko. Hasira mtu huijibu kwa hasira, ushahidi huuundia kamati, lakini kicheko utakifanya nini? Wiki ya tano vitanda vipya viliingia wodini. Akasema vilikuwa kwenye mpango tangu zamani. Aseme. Mjukuu wa dobi alizaliwa juu ya kimojawapo, na hilo hakuna aliyeweza kulirudisha kwa lori.

Nipe maji kidogo, binti yangu. Nishikie kichwa. Basi.

Yule mdogo wangu alifukuzwa Jumatatu iliyofuatia katuni ile. Mkasi hakuuliza mara mbili: mchoraji ana ndugu, ndugu ni dereva, na dereva ndiye aliyetumwa kulifuata lile lori kwa nyuma siku ya sherehe. Wakamnyang'anya funguo barabarani, akarudi kwa miguu. Alipanda ngazi zangu akihema, bado amevaa ile suti ya udereva, akasimama palepale aliposimama dobi.

"Kaka, wananiita msaliti. Waambie si mimi."

"Nimewaambia. Nimempigia simu Mheshimiwa mwenyewe."

"Umesema si mimi, hukusema ni nani. Taja jina tu, kaka. Nina mke, na hakuna mkubwa atakayenipa gari tena."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Akaniuliza, huyo mtu ni nani kwangu hata nimlinde kuliko damu yangu? Ningemjibu nini? Kwamba ni mwanamke niliyemwona kwa dakika kumi? Akavua ile tai akaiweka mezani kwangu, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima, akashuka. Tangu siku hiyo hakuja Jumapili. Alifungua banda la kutengeneza gari za watu, akahangaika, mke wake alinipita sokoni kama anapita nguzo. Siku tulipomzika mama yenu alikuja, alisimama nyuma kabisa, akatupia udongo wake, akaondoka kabla sijamfikia. Nilimwona mgongo. Mtu ukikosana na rafiki unapata mwingine, lakini ndugu wa kukujua ulivyokuwa na meno ya utotoni anatoka wapi tena?

Na Mkasi? Msidhani alianguka. Njia ya mwongo ni fupi, wamesema wahenga, lakini huyu alipofika mwisho wa njia aliongeza nyingine, akakata utepe. Mwaka uliofuata alichapisha fulana zenye picha ya mkasi, "Mkasi hukata umaskini." Katuni yangu akaiwekea fremu akaitundika ofisini kwake, na wageni akawaonyesha, "Huyu kijana ananipenda, ona alivyonichora." Alishinda kura kwa kishindo. Siku ile nilikaa ofisini nikajiona mpumbavu, nimempoteza ndugu yangu nikampatia mwongo bango la kampeni. Nikajua kwamba kicheko nacho kinaweza kuwa mto laini wa mwongo kulalia, watu wakisha kucheka wanahisi wamekwisha kulipiza, wanakwenda nyumbani wakiwa wepesi.

Basi nikaacha kumchora. Nikachora mahali. Kila wiki mahali pamoja alipoahidi kitu: uwanja wenye majani, bomba lisilo na tone, barabara inayoishia mtoni, na chini tarehe ya ahadi. Pasipo mtu wala neno jingine. Mhariri akaniambia, "Mzee, hii haichekeshi." Nikamwambia najua. Nilichora hivyo miaka minne na nusu, na sikupata barua hata moja ya pongezi, na kantini nilikula peke yangu hata pale ambapo sikumchora mtu. Halafu uchaguzi ukaja, akapanda jukwaani, na mama mmoja muuza mboga akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, barabara yetu uliiahidi tarehe kumi na nne mwezi wa tatu. Sisi hatukuulizi mwaka, tunauliza tu kama hiyo tarehe imeshafika huko kwenu." Mwingine akapaza sauti tarehe ya kisima. Mwingine ya shule. Uwanja mzima ukawa unamsomea kalenda. Walicheka, lakini hawakwenda nyumbani wepesi. Walikwenda kupiga kura.

Sasa niwaambie jambo la ajabu. Katika miezi hii saba niliyolala hapa, nyinyi mko mbali na kazi zenu, wenzangu wa gazetini wametuma salamu kwa simu, na mtu aliyekuja kukaa kwenye hicho kiti mara tano ni Mkasi. Anakuja na bakora, kazeeka, gari hana, wale waliombeba mabegani hawapokei simu zake. Mara ya kwanza nilidhani amekuja kunisuta. Akaniambia, "Sisimizi, wengine wote walikuwa wakipiga makofi. Wewe ndiye peke yako uliyekuwa ukisikiliza nilichosema." Kila akiondoka ananiahidi wiki ijayo ataniletea machungwa. Sijaona hata ganda.

Atakuja mazishini, na atataka kuhutubia. Mpeni kiti cha mbele, mpeni maji ya kunywa, mheshimuni kama mzee wenu. Maikrofoni msimpe.

Mwanangu wa kiume, usione nimekusahau. Uliponiambia umepata kazi ya kumwandikia mkubwa hotuba, nilikucheka mbele ya wageni, nikakuita cherehani ya uongo, na hukuja nyumbani miezi minane. Lilikuwa tusi, na nakuomba radhi. Sikuambii uache kazi. Nakuambia tu, kabla hujaandika kwamba kitu kimejengwa, panda basi ukakione. Kama hakipo, usiandike. Watakufukuza siku moja, na utakula peke yako kama nilivyokula mimi, na sitakudanganya kwamba chakula hicho ni kitamu.

Narudi kwa baba yenu mdogo, maana pumzi inaniacha nikiwa njiani. Dobi alifariki mwaka jana. Binti yake alinipigia akaniambia, "Mama alisema akishatangulia unaweza kusema." Nikavaa nikaenda kwa mdogo wangu siku hiyohiyo. Nikamwona kupitia geti, ameinama chini ya boneti, nywele zote nyeupe, anaimba polepole kama alivyokuwa akiimba akiosha gari la Mkasi. Mimi niliyechora mawaziri sita na kuitwa polisi mara nne, nilishindwa kusukuma geti lililokuwa wazi. Nikarudi. Wiki ya pili nikaanguka, sijasimama tena.

Mnadhani niliogopa kwamba hataniamini. Hapana. Niliogopa kwamba ataniamini, kisha ataniuliza swali la pili. Na hilo la pili sijawahi kumwambia mtu, hata mama yenu.

Siku ile nachora, nilijua. Kabla sijachovya kalamu niliuona uso wa mdogo wangu, nikajua watamshika yeye. Ningeweza kumwita Jumapili ile nikamwambia, jitafutie kazi nyingine, nina jambo nataka kulitoa. Angekasirika, lakini angekuwa na siku chache za kujiokoa. Sikumwita. Niliogopa angeniomba nisichore, na niliogopa ningekubali. Na kulikuwa na kitu kingine, kidogo, kichafu: nilikuwa nimeshawaza lile neno la "tulikuja harusini tu," na nilitaka sana kusikia watu wakicheka. Dobi nilimlinda kwa ahadi. Ndugu yangu nilimtoa kwa kunyamaza. Wodi ilipata vitanda, na ningelazimika kuchagua tena leo ningechora tena, lakini ningemwambia kwanza. Hapo ndipo nilipokosa, na nimewachora waongo maisha yangu yote nikiwa nimekalia uongo wangu mwenyewe.

Nendeni kwake nyote wawili. Msipige simu, nendeni. Binti yangu utasema, kwa kuwa wewe huna ulimi wa kupamba. Mtajie jina la dobi, nimeliandika nyuma ya ile bahasha ya kaki. Halafu mwambie na hilo la pili, lote, usilipunguze makali. Akiwafukuza, ondokeni kwa adabu. Asipotaka kuja kunizika, mtu asimseme vibaya, ana haki yake. Ile tai iko droo ya chini... imekunjwa... mpelekeeni.

Nizikeni mchana, na mapema, watu wawahi kazini. Karibu na mama yenu. Hotuba zisiwepo. Fundi saa... mwambieni asigonge tena ukuta, asije akangoja jibu.

Leteni mikono yenu. Huu ni wako... na huu ni wako, una baridi. Mungu awape watu wa kuwaambia ukweli usoni... na wasiondoke baada ya kusema. Mimi nilisema sana, nikaondokewa... nyinyi awape vyote viwili. Msichoke kucheka. Msimcheke aliye chini. Mkikosana... mkikosana, msingoje mtu afe.

Sasa mmeshanisikia. Tiketi zenu... najua. Bado kuna mwanga dirishani. Msizungumze, hapana haja.

Kaeni tu kidogo.